Pikapu Iliyolishwa Ndizi

Shangazi yangu Tupokigwe akimaliza kudeki anafua tambara la deki, analianika, halafu anaifua na kamba aliyolianikia. Naanza na hilo ili ukisikia kilichomkuta usije kusema alikuwa mchafu. Uchafu haukutoka kwake. Uchafu ulimfuata nyumbani Mpuguso, ukabisha hodi, ukamwamkia "shikamoo mama bosi", ukakaribishwa chai na maandazi.

Uchafu wenyewe ulikuwa unaitwa Jacob.

Mwaka ni 1996. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, kwa hiyo msinidai picha. Nimesimuliwa na shangazi, nimesimuliwa na fundi Nurdin wa Bulyaga, na nimesimuliwa na wanakwaya wa Mpuguso, ambao kila mmoja ana toleo lake. Nimeandika yale wote wanayokubaliana, basi.

Kabla ya miaka hiyo, Rungwe ukiona mtu ana gari ujue ni mkuu wa kitu: wa wilaya, wa shule, wa kiwanda cha chai. Halafu milango ikafunguliwa, mitumba ya Japani ikaanza kumiminika, na mara unamwona muuza vitunguu anakupigia honi utoke njiani. Shangazi alikuwa ananunua mikungu ya ndizi kwa wakulima na kuipeleka Mbeya sokoni. Alifanya hivyo miaka kumi na minne kwa magari ya watu, amekaa juu ya ndizi zake na mvua ya Tukuyu inamnyeshea, na mvua ya Tukuyu mnaijua, haina adabu. Siku moja akasema na mimi nataka yangu.

Jacob alikuwa dalali, dereva na mshauri, vyote kwa pamoja. Akamletea pikapu nyeupe kutoka Mbeya.

"Mama, hii ilikuwa ya mzungu wa misheni," akasema. "Ilikuwa inaenda kanisani na kurudi tu."

Kila gari lililouzwa Mbeya miaka hiyo lilikuwa la mzungu wa misheni. Ukiyahesabu, wamisheni walikuwa wengi kuliko waumini.

Shangazi akalikagua. Alipitisha kidole juu ya dashibodi akaangalia kama kuna vumbi. Akanusa viti. Akavuta kile kidroo cha majivu ya sigara, akakuta kimeoshwa. Akasema, "Hili gari lilikuwa na mtu msafi." Akanunua. Ukaguzi ndio huo, umeisha. Na wewe unayecheka, juzi tu kwenye grupu umeuliza "ina rangi nyingine?" kabla hujauliza injini, tumekuona, tumekaa kimya kwa heshima.

Na kwa kuwa shangazi hakujua kuendesha, Jacob akabaki kuwa dereva wake. Yaani mtu aliyekuuzia ndiye anayekuangalizia. Sina la kuongeza hapo.

Pikapu ile ilitunzwa. Jioni inaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, matairi yanasuguliwa kwa brashi mpaka meusi kama viatu vya mwalimu wa zamu. Viti vilivalishwa vitambaa vya kufuma, vyeupe, na maua ya waridi pembeni. Ukitaka kupanda mbele unavua ndala. Mkungu haupandi nyuma mpaka ufutwe utomvu. Watu walikuwa wanakuja kuitazama tu.

Ila boneti hakuwahi kuifungua. Kule ndani kuna grisi, kuna oili, kuna weusi, na shangazi grisi ikimgusa anakosa hamu ya kula siku mbili. Jacob aliligundua hilo wiki ya kwanza. Kila shangazi alipokaribia injini, anawahi: "Mama bosi, usisogee, utachafuka. Mimi nipo." Kinyaa cha mtu mzima akakigeuza kufuli, funguo akaweka mfukoni mwake.

Kila Jumatatu Jacob alikuwa anaingia chini ya gari na ndoo iliyofunikwa gunia. Shangazi akiuliza, anajibiwa "sevisi". Anatoka baada ya nusu saa, anafuta mikono, anaomba chai. Na kweli gari lilikuwa kimya, linateleza, halina kelele hata ya dawa. Shangazi akawa anamsifia kwa watu. Naandika hapa huku nimekunja uso.

Sasa, Prisca wa kwaya alikuwa anaolewa Ikuti. Kwaya ya akina mama ya Mpuguso ndiyo iliyokuwa imsindikize na kumwimbia, na njia ya Ikuti wakati ule ilikuwa tope jekundu, kona, na miteremko inayokufanya ukumbuke dhambi zako. Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, shangazi akasimama mwenyewe.

"Jumamosi nitawabeba wote kwa pikapu yangu," akasema. "Hakuna mwanakwaya atakayefika kwenye harusi ya mwenzetu na tope magotini."

Wakapiga vigelegele. Winfrida, kiongozi wa kwaya, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji cha pili, akamwita shangazi kwa jina la mwanawe, "Mama Lusungu, Mungu akuongeze!" Ishirini na mbili, wamesimama nyuma ya pikapu moja. Leo trafiki angezimia. Wakati ule ilikuwa baraka.

Alhamisi ikaanza harufu.

Shangazi aliisikia akiwa uani, kama pombe ya ndizi iliyosahaulika jikoni, ila imeungua. Akadhani kuna mkungu umeozea kwenye bodi. Akaosha bodi. Harufu ipo. Akaosha tena na dawa ya kudekia. Harufu inamwangalia tu. Akaosha mara ya tatu, halafu akapiga magoti nyuma ya gari akafuata pua. Harufu ilikuwa inatoka chini, katikati ya ekseli ya nyuma, pale kwenye boga la chuma wanaloliita difu, ambamo gia zinapokea nguvu ya injini na kuyazungusha magurudumu.

"Jacob, mbona chuma kinanuka ndizi?"

"Ni joto tu hilo, mama bosi. Limebeba ndizi muda mrefu, limezoea."

Limezoea! Gari limezoea ndizi! Mtu alilitamka hilo na meno yake yote mdomoni.

Shangazi grisi anaiogopa, lakini kwenye harufu humdanganyi. Ijumaa mchana akamwambia Jacob waende Bulyaga kwa fundi Nurdin. Jacob akasema Nurdin ana maringo. Akasema leo Ijumaa, Waislamu wanafunga gereji. Akasema mvua inakuja. Shangazi akavua ndala, akapanda mbele, akafunga mlango.

Nurdin ni mjukuu wa seremala aliyetoka pwani akaja Tukuyu zamani, akasema baridi hii nitaizoea, akafa hajaizoea. Nurdin mwenyewe alikuwa fundi mkali, wa aina ile anayekugombeza wewe badala ya gari. Walimkuta anarudi kutoka kuswali Ijumaa, bado ana kanzu, na mkewe Mwanaasha ameshamletea chakula gereji: ndizi za nazi, bakuli limejaa, mvuke unapanda.

"Karibuni tule," akasema.

"Fundi, kwanza nusa hapa," akasema shangazi.

Nurdin akaweka bakuli juu ya tairi, akavaa ovaroli juu ya kanzu, akainama. Akanusa. Akamtazama Jacob. Jacob akaanza kutazama mlima Rungwe, ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa na ukungu, hakuna cha kutazama.

Akapiga jeki, akatia magogo mawili chini ili gari lisitegemee jeki peke yake, akaingia na spana na karai. Akafungua nati ya chini ya difu. Kwa kawaida hapo inatoka oili nzito, nyeusi au ya kahawia, inatiririka kama asali. Siku hiyo haikutoka kitu. Akachokoza na waya. Kwanza kikatoka kipovu. Halafu ikatoka sauti, samahani kwa mnaokula, kama mtu mwenye tumbo baya. Halafu ukaanguka uji. Uji mweusi wenye nyuzi, na ndani ya uji vipande vyeupe ambavyo vilikuwa havijaiva vizuri kwenye joto, na ganda moja zima la ndizi likaning'inia kwenye tundu kama ulimi.

Shangazi akaziba pua na upindo wa kanga. Mwanaasha, aliyekuwa amekuja kuchukua bakuli, akarudi kwa kurudi nyuma. Nurdin akatoka chini ya gari, akanawa mikono, akaenda akalifunika bakuli lake la ndizi za nazi, akalisukuma mbali kwa mguu.

"Sili tena ndizi mpaka Idi," akasema. "Nani kafanya huu ushenzi?"

"Fundi, hiyo si ushenzi, ni utaalamu," akasema Jacob. "Difu ilikuwa inalia. Ukitia ndizi inanyamaza. Mjini kote wanafanya hivyo wakiuza gari."

"Wakiuza, sawa, ni wezi. Na wewe umeshauza. Unaendelea kutia za nini?"

"Si inalia tena zikiisha?"

"Ulikuwa unatia ngapi?"

"Kwa wiki? Kama chane moja hivi. Zile mbivu."

"Chane!" Shangazi akashusha kanga usoni. "Ndizi za nani?"

 Zilikuwa za shangazi, jamani. Mama wa watu anaifuta mikungu yake utomvu kwa upendo, halafu jamaa anachomoa humo anaenda kuilisha difu.

Nurdin akamwita shangazi asogee. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyemwambia asogee. "Mama, gari likilia linakwambia linaumwa wapi. Huyu hakulitibu, amelikaba koo. Meno ya gia yamekauka, hayana oili, yanasagana na uji. Yakikatika njiani, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga ghafla, pikapu ikageuka ikatazama ilikotoka. Ukinunua gari la mtu, chovya kidole kwenye difu, chovya kwenye giaboksi, tazama, nusa. Ni uchafu, lakini unanawika."

"Kesho nina akina mama ishirini na mbili wa kwenda Ikuti, fundi. Osha, tia oili, niende, Jumatatu nitarudi."

"Subiri, sijamaliza kutapika."

Akafungua gurudumu la nyuma la kushoto. Ndani ya duara la breki kulikuwa kumelowa ule uji uliovuja, breki zinang'aa kama sufuria ya pilau. Akaenda la kulia. Kule paipu ya breki, kale kabomba kembamba kanakopeleka mafuta kwenye gurudumu, kalikuwa kamegongwa kwa nyundo mpaka kamelala bapa.

"Na hii?"

"Ilikuwa inavuja," akasema Jacob. "Nikaifunga. Breki zimebaki tatu, si zinatosha?"

"Kumbe wewe ukiumwa jicho unang'oa."

Mwisho akafungua kikopo cha mafuta ya breki kule mbele, akachovya, akasugua vidole. Likatoka povu. Maji ya sabuni. Ya sabuni ileile ya shangazi ya kuoshea gari! Nurdin akamweleza shangazi pole pole: ukishuka mteremko mrefu breki zinapata moto, maji yanachemka, na yakichemka unakanyaga pedali inaenda mpaka chini kama umekanyaga mto wa kulalia. Mafuta ya breki yakipungua usiongeze tu ukaondoka, tafuta yanakokwenda.

"Na mteremko wa Ikuti huwa unashukaje?" akamuuliza Jacob.

"Nazima injini, natia nyutro. Linashuka lenyewe. Unaokoa petroli."

 Hapo Nurdin akakaa juu ya tairi. Injini ikiwa imewaka na gia ndogo imeingia, gari linajizuia lenyewe. Ukizima, kile kisaidizi cha breki kinakufa baada ya kukanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa jiwe, usukani nao unakuwa mzito. Na jamaa alikuwa anashuka hivyo, breki tatu, moja ina uji, zote zina sabuni, shangazi yangu amekaa mbele bila ndala anashangilia jinsi gari lilivyo kimya.

"Spea nazitoa Mbeya," akasema Nurdin, "na nazichagua mwenyewe, maana feki zimejaa. Kabla ya Jumanne halitoki. Ukitaka kulitoa kesho, nitoe mimi kwanza."

Jacob akaaga kwamba anaenda kununua sigara. Akaenda moja kwa moja Mpuguso.

Jumamosi saa moja asubuhi akina mama walikuwa uwanjani kanisani, sare za kitenge, mabeseni ya zawadi kichwani, viatu vizuri kwenye mifuko. Jacob alikuwa katikati yao, amechomekea shati. Alishawaambia yote. Kwamba pikapu ni nzima. Kwamba Nurdin anatafuta ulaji. Kwamba Mama Lusungu anaogopa vitambaa vyake visichafuliwe na watu wa shamba, na mkimbana akitoa ruhusa, yeye Jacob analifuata Bulyaga sasa hivi na saa tatu mko Ikuti.

Shangazi akatokea kwa miguu. Mkononi ana chombo cha plastiki, kimefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Ndiyo gari hilo?" akauliza Winfrida, na wengine wakacheka kile kicheko cha puani. "Tutakaa wangapi humo?"

"Gari haliendi," akasema shangazi. "Ni bovu. Breki hazipo."

"Jana lilikuwa zima, leo siku ya harusi ya mwenzetu ndiyo bovu!" akasema mmoja, Felista. "Si useme tu tunanuka moshi."

"Mama bosi ana kinyaa tu," akasema Jacob, anawakonyeza. "Mnamjua."

Shangazi yangu huwa hapendi kusimulia hapa. Wenzake ndio wanaosimulia. Alisimama, uso umemshuka, maana ahadi aliitoa mwenyewe mbele ya madhabahu na sasa wote wanamwona mwongo mwenye maringo. Mngeniuliza mimi, ningesema jamani pandeni mwende, mtajijua. Shangazi akafunua kitambaa. Akatumbukiza mkono wazi, mpaka kwenye kifundo, akatoa ule uji na ganda lake, ukawa unadondoka katikati ya vidole.

"Hii ndiyo oili ya Jacob. Nusa, Winfrida."

Winfrida akanusa. Akarudi nyuma hatua tatu. "Mwe bandu! Jamani, nini hiki?"

"Ndizi. Anaitia kwenye difu ili gari lisilie. Breki anatia sabuni. Mteremko wa Ikuti anazima injini." Akawa anapita kwa mmoja mmoja, mkono mbele, na kila aliyenusa alikunja uso. Felista alitema mate. Mama mmoja mjamzito ilibidi akashike ukuta wa kanisa.

"Ni kilainishi cha asili," akasema Jacob. "Ndizi haina sumu."

"Haina sumu?" Winfrida akamgeukia. "Basi onja."

"Dada Winfrida..."

"Gwe Jacob, wewe, onja! Si ni ndizi? Si za hapa hapa Mpuguso? Ungetubeba ishirini na mbili juu ya huo uji, na wewe onja kijiko kimoja tu."

"Mwekeeni na chumvi!" akapiga kelele mwingine huko nyuma.

Jacob akatazama mkono wa shangazi, akatazama wanawake, akaanza kurudi kinyumenyume huku anachomoa shati. Alipofika kwenye migomba akageuka akakimbia. Nasikia alihamia Chunya. Chunya poleni.

Shangazi akaomba radhi. Alisema kosa ni lake, mwaka mzima analiosha gari kwa nje na hakuwahi kuinama akatazama chini. Halafu akaomba maji ya kunawa. Felista ndiye aliyemmiminia, akamsugua na majani ya mgomba mpaka weusi ukapungua.

Wakaenda kwa miguu. Saa nyingi, tope mpaka magotini, mvua ikawapiga mara mbili, na beseni moja la vikombe lilianguka mtoni. Walimsema Jacob njia nzima, ukoo wake, pua yake, shati lake. Walipofika juu ya ule mteremko mkubwa wakasimama. Kwa miguu ndipo unauona ulivyo: umekatwa kama umeparwa kwa panga, kona katikati, bonde upande wa kushoto, hakuna hata mti wa kukudaka. Wakavua viatu. Wakashikana viuno, wakashuka kwa ubavu, hatua, hatua, mjamzito katikati yao. Hakuna aliyeimba.

Chini, Winfrida akawageukia, akaanza kuwahesabu kwa kidole. Akakosea, akarudia tangu mwanzo.

"Ishirini na mbili," akasema. Akatema mate pembeni. "Mshenzi yule." Akajifuta mdomo, akaanzisha wimbo wa bibi harusi.